Kitambaa cha Kumi na Mbili

Kwako binti yangu Kemunto,

Utakapoifungua barua hii utakuwa umeshafika Nakuru, kwa hiyo salamu za nyumbani nazituma mapema, kabla hata hujatoka mlangoni. Nimezikusanya leo mchana, moja baada ya nyingine, wewe ukiwa Masimba kuwaaga shangazi zako. Baba yako, Tata, anakusalimu. Yuko nyuma ya nyumba anagonga ile bawaba ya sanduku lako iliyolegea, na ukimsikia anavyogonga ungefikiri sanduku limemkosea. Magokoro, nyanya yako, anakusalimu sana, tena amesema nikuandikie kwamba leo amemaliza bakuli zima la uji wa wimbi, usije ukakaa huko ukidhani anakufa kwa sababu yako. Mdogo wako Rajabu anakusalimu ijapokuwa amenuna tangu asubuhi. Anasema umechukua tochi yake. Dada yako mdogo Nyaboke anakusalimu na anauliza kama ndege za huko zikipita hapa utamwona akipunga mkono. Nimemwambia wewe hutakuwa ndani ya ndege, utakuwa kwenye chumba cha redio. Amesema basi nikuambie utoe kichwa dirishani. Mzee Onchari, yule dresa wa zahanati, anakusalimu, naye anataka picha yako ukiwa umevaa shati la Kikosi cha ndege za wagonjwa. Hata ng'ombe wetu mweupe jioni ya jana alikataa mkono wangu. Amezoea wako.

Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kuangalia unakaa na nani, nayaacha. Shangazi zako wamekwisha kuyasema na watayasema tena, na wewe hukulelewa porini. Ninalo jambo jingine. Usicheke mwandiko wangu, wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza nilipoanza darasa la ngumbaru. Najua utajiuliza kwa nini Mama ananiandikia Kiswahili wakati nyumbani tunasema Kigusii. Kwanza, kalamu yangu ilifundishwa Kiswahili, Kigusii haikukijua. Pili, haya maneno nimejaribu kuyasema kwa Kigusii, nikiwa peke yangu kwenye majani chai, na kila mara mdomo ulikataa. Kwa Kiswahili naona kama ni mwanamke mwingine anayesema, nami nimesimama kando namsikiliza.

Jana uliniletea ile beji aliyokushonea Bi Zuhura. Uliiweka kwenye kiganja changu ukasema, "Mama, kule wataniuliza maana ya nembo siku ya kwanza tu. Wewe ulikuwepo ilipotengenezwa. Niambie vizuri nisije nikaaibika." Nikakuambia. Nikakuambia habari za ndege mdogo, na jani la mgomba, na mduara wa vipande vyeupe. Ukauliza, "Na hapa chini mbona mduara haukufungwa?" Nikakuambia ile nafasi ni ya kitambaa kilichomfunika Rajabu, mwana wa Bi Zuhura, ndege ilipoanguka. Ukaibusu ile beji.

Nilichokuambia ni kweli. Lakini ni nusu. Nusu ya pili naiandika sasa, kwa sababu kazi unayokwenda kufanya ni kukaa kwenye redio na kuwaambia marubani kama chini ni kukavu au ni tope. Siwezi kukuacha uvae alama hiyo kifuani hujui imetoka wapi.

Wewe uwanja wa ndege umeukuta umekuwa malisho. Siku zile, uhuru ukiwa bado mchanga, ulikuwa uwanja kweli. Tata yako ndiye alikuwa mwangalizi wake, bila mshahara, kama wote wa Kikosi walivyokuwa bila mshahara. Rubani alikuwa yule Mzungu mkulima wa upande wa Sotik tuliyemwita Bwana Miwani. Alikuwa na ndege yake ndogo, akileta daktari mara mbili kwa mwezi, na mtu akizidiwa alikuja kumchukua. Nyuma ya rubani alikaa Rajabu. Alikuwa kijana wa Kisii mjini, amejifunza ufundi kwenye shamba la Bwana Miwani na kulala huko huko siku za kazi. Yeye ndiye wa machela na wa masanduku ya dawa.

Hapakuwa na simu wala redio hapa kwetu. Rubani akiwa juu angejuaje kama uwanja umelowa? Basi walipanga hivi. Tulikuwa na vitambaa kumi na viwili vya marekani nyeupe, kila kimoja kipana kama shuka. Ndege ikitarajiwa vinatandikwa kwenye majani kwa mduara, mawe juu ya pembe. Mduara ukiwa mzima, maana yake tua, ni pakavu. Ukitoa kitambaa kimoja upande wa chini mduara ukawa na mwanya, maana yake usitue. Hapo rubani alikuwa anapita chinichini, Rajabu anadondosha kopo la dawa lililofungwa kwa pamba na magunia, na utepe mrefu mwekundu ili tulione kwenye majani, halafu wanarudi kwao.

Na kujua kama ni pakavu, Tata yako alikuwa na njia yake. Alivua viatu, akabeba debe la maji limejaa mgongoni kwa kamba ili awe mzito, akatembea uwanja wote toka juu mpaka chini. Anapofika mwisho anageuka na kuangalia nyayo zake. Kisigino kikiwa kimeacha shimo tupu, sawa. Shimo likianza kujaa maji, anakwenda kutoa kitambaa. Rajabu alikuwa akimcheka. "Mzee Ratemo, katika Nyamira yote wewe ndiye gari la pekee linalotiwa maji mgongoni!" Na Tata yako anamjibu, "Na wewe ndiwe abiria wa pekee anayelipwa matusi." Wote wawili wanacheka. Kijana huyo alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana, akicheka unayaona yote. Wewe alikuita mchumba. Ulikuwa na miaka minne, ukimwona unajificha nyuma ya leso yangu, halafu unachungulia.

Sasa nembo. Bwana Miwani alitaka mashati ya Kikosi yawe na alama, akaja na karatasi aliyochora simba na radi. Tulikuwa kibarazani kwa Bi Zuhura, mjini, nyuma ya soko. Yeye alikuwa mjane mwenye kudarizi kofia na foronya, na ndiye aliyenifundisha sindano, tangu siku ile mvua iliponikuta na mkungu wangu wa ndizi nikajikinga kwake. Bi Zuhura akaitazama karatasi ile akasema, "Bwana, simba hapa Kisii umemwona lini? Na radi ndiyo inayowaua watu wetu kila mwaka. Unataka mgonjwa akimbie?" Tata yako akasema basi tuweke tai. Mimi nikakataa. "Tai huyu anayekula vifaranga vyangu? Nimshone kwa mikono yangu, nimpeleke juu ya shati la mume wangu?" Wakacheka mpaka Bwana Miwani akavua miwani akafuta macho. Mwishoni tukakubaliana mbayuwayu. Ni mdogo kama ile ndege, anaingia nyumba ya mtu yeyote bila kuuliza dini yake, na akienda anarudi pale pale alipojenga. Chini yake jani la mgomba, ambalo mgonjwa wa kwetu hulazwa juu yake homa ikiwa kali.

Mduara niliuleta mimi. Magokoro alikuwa amekuja nasi sokoni, amekaa chini amenyoosha miguu, na ebitinge zake za chuma zilikuwa kwenye vifundo vya miguu kama zilivyo mpaka leo. Nikasema, tazameni, vitambaa vyetu uwanjani ni kama hizi pete za Magokoro. Naye akainua mguu mbele ya Mzungu bila haya. "Hii nilivishwa siku niliyoolewa," akasema, nami nikatafsiri. "Haina mahali inapoanza. Ikifunguliwa, ujue nyumba imevunjika." Bwana Miwani akapenda sana. Hivyo nembo ya kwanza ilikuwa na mduara mzima, vipande kumi na viwili vya uzi mweupe, kimoja kwa kila kitambaa. Nilishona sita, Bi Zuhura sita. Ya kwanza kabisa alivaa Rajabu.

Kemunto, hapa mkono wangu umekuwa mzito. Nimeinuka nikaenda kupepeta wimbi, nimerudi.

Ulipata kichomi. Mvua zilikuwa zimeanza. Siku ya tatu mbavu zako zilikuwa zinaingia ndani kila unapovuta pumzi, na midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu. Mzee Onchari akaniita mke wa Ratemo, kama tunavyoitana kwetu, "Moka Ratemo, sindano za dawa hii zimekwisha. Ndege iitwe." Tata yako akapanda baiskeli kwenda Kisii kupiga simu kwa Bwana Miwani. Kabla ya kwenda aliniambia, "Nisiporudi kwa ajili ya mito, asubuhi beba debe utembee wewe. Ukiona maji, toa cha chini." Hakuniambia zaidi. Aliniamini.

Hakurudi. Mto ulifunika daraja. Asubuhi mvua ikakatika, jua likatoka jeupe, majani yakawa yanang'aa kama kitu kizuri. Nilikufunga kifuani, debe mgongoni, nikatembea. Juu palikuwa pagumu. Katikati palikuwa sawa. Nilipofika chini nikahisi baridi kati ya vidole. Nikageuka.

Zilikuwa nyayo kumi, labda kumi na mbili, zinajaa. Sikuhitaji kuinama. Nilisimama nikaona maji yanapanda kwenye alama ya kisigino changu, polepole, mpaka mbingu ikaonekana ndani yake.

Nikaenda kutandika. Nikaweka cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi na moja. Nikawa nimeshika cha kumi na mbili mkononi nikaisikia ndege. Wewe kifuani ulikuwa unatoa sauti kama ya paka mdogo. Nikawaza: nikiacha mwanya watatupa kopo na kwenda, nami nitabaki hapa na kopo mkononi na mtoto anakufa. Mimi nilitaka daktari. Nilitaka hospitali ile kubwa yenye mitungi ya hewa. Nilitaka wakuchukue kutoka kwenye kifua changu kwa sababu sikuweza tena kuvumilia kukusikia. Nikawaza pia, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi ya yote: nikawaza kwamba rubani ni hodari, na uwanja ni mrefu, na pengine hatafika kule chini. Nilijua. Nikajidanganya kwa muda wa kutandika kitambaa kimoja. Nikakitandika. Nikaweka mawe manne.

Walipita juu mara moja. Nikaona mkono wa Rajabu dirishani unapunga. Wakageuka, wakashuka, magurudumu yakagusa vizuri kabisa, nikasema asante. Ndege ikakimbia mpaka kule chini, ikashikwa miguu, ikasimama kwa pua, ikalala chali. Haikutoa kelele kubwa. Ninachokumbuka ni gurudumu moja lilivyoendelea kuzunguka hewani.

Bwana Miwani alitoka akitambaa, mkono umevunjika, miwani haipo, anaita, "Rajabu? Rajabu?" kama mtu anayemtafuta mtu kwenye giza, na ilikuwa mchana mweupe. Rajabu tulimtoa mimi na Mzee Onchari. Shingo. Ilikuwa imevunjika. Macho yalikuwa wazi na meno yake yale yanaonekana, na kwenye shati ilikuwa beji yangu, mduara mzima. Mzee Onchari akatafuta kitu cha kumfunikia. Kilichokuwa karibu ni kile kitambaa cha chini. Akakivuta, mawe yakaanguka, na mduara ukabaki na mwanya, kama ulivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Halafu nikaliona kopo. Lilikuwa limerushwa nje, liko kwenye majani, limefungwa pamba na gunia, na utepe wake mwekundu tayari. Walikuwa wamejiandaa kulidondosha. Walidhani kwa mvua zile uwanja utakuwa na maji, na hawakutegemea kutua. Mzee Onchari akalifungua. Sindano zilikuwa nzima. Akakuchoma pale pale kwenye majani, na jioni ukaomba maji, na kesho yake ukaomba ndizi.

Ungepona, mwanangu. Kama ningeacha mwanya ungepona vilevile, na yeye angekuwa na watoto wake sasa. Ndiyo hayo ninayolala nayo.

Wakubwa wa serikali walikuja kuuliza. "Nani alitandika?" Mimi. "Alipima?" Nilipima. "Palikuwaje?" Nikasema palikuwa pakavu, labda maji yalipanda kutoka chini baadaye, huku kwetu chemchemi ni nyingi. Wakaandika. Mama mwenye mtoto mgonjwa, nani angemwuliza mara ya pili?

Tata yako alifika siku ile mchana, amelowa mpaka shingoni. Alikwenda uwanjani peke yake kabla ya wale wakubwa hawajafika. Nilimfuata kwa mbali. Nilimwona akifika kwenye nyayo zangu, zimejaa maji, zinaonyesha wazi mtu aliyetembea na mzigo, akageuka, akasimama kuangalia. Hata vidole vilikuwa vimegeukia nyuma. Alizitazama muda mrefu. Halafu akavua viatu akazikanyaga, moja moja, zote, mpaka pakawa tope tu. Alipopita karibu nami akasema, "Mtoto amekula?" Nikasema amekula. Hajaniuliza jingine mpaka leo. Watu husema nina bahati ya mume mpole. Ni kweli ni mpole. Lakini kuna siku ningependa angenipiga kelele, nami nipate kulia.

Mwaka uliofuata nikamzaa mdogo wako. Unajua sisi tunampa mtoto jina la aliyetutangulia, apate kutulia. Nikasema huyu ni Rajabu. Magokoro akashangaa. "Huyo marehemu ni wa ukoo gani mpaka aje kulala kwetu? Una wajomba waliokufa hawajapewa mtu." Nikashikilia. Watu wa kanisani walisema nimefanya jambo la upendo. Bi Zuhura alilia, akamletea kofia ndogo aliyoidarizi mwenyewe. Nilidhani nikimpa jina, marehemu ataridhika. Sikufikiri kwamba nitaliita mara ishirini kwa siku. Rajabu, njoo ule. Rajabu, nawa miguu. Rajabu, toka kwenye matope. Na kila mara mtoto anakuja mbio anacheka, na mimi namwangalia meno. Ulipata kuniuliza kwa nini navaa mabuti hata kiangazi. Sipendi kuona alama ya mguu wangu. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Nembo ilibadilishwa kwa ombi la Bi Zuhura. Bwana Miwani alipokwenda kumpa pole akiwa na mkono kwenye bandeji, alimwuliza Kikosi kimfanyie nini. Bi Zuhura akasema, "Kitambaa kimoja kimekuja na mwanangu mpaka kwangu. Sitakirudisha. Basi msiufunge tena ule mduara." Tangu siku hiyo vipande ni kumi na moja. Wote wakasema ni vizuri, ni heshima. Magokoro peke yake ndiye aliyeishika beji mpya akaigeuza, akauliza, "Hii imefunguliwa. Nani ameachika?" Tukamwambia anyamaze.

Nami nikaendelea kushona. Kila siku ya soko, miaka yote hii, nimekaa kibarazani kwa Bi Zuhura, duara la mbao mapajani, nashona vipande kumi na moja na kuacha nafasi. Wewe umenikuta pale mara nyingi ukitoka shule, ukapewa kaimati, ukaambiwa, "Njoo mtoto wa dawa, dawa yako aliileta mwanangu." Siku moja aliniambia, "Moka Ratemo, mimi kwenye ile nafasi mkono unatetemeka. Wewe unaiacha safi kabisa. Unaijua." Sikujua alimaanisha nini. Nilijichoma sindano, damu ikaingia kwenye uzi mweupe, akaniambia taratibu, hiyo tutaifumua.

Mara ngapi nimefungua mdomo pale? Nilisema, akimaliza arobaini ya mwanawe. Nikasema, mwezi wao mtukufu ukipita. Nikasema, Kemunto akimaliza darasa la saba, halafu Kemunto akimaliza fomu ya nne. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na sura ya wema: nisimuumize, nisimnyang'anye nafuu aliyoipata. Nimekuja kuona kwamba nilikuwa natandika kitambaa kile kile kila siku ya soko. Nilimwambia panatulika. Yeye akatua kwangu, akanipenda.

Sikuandikii haya ili uogope kazi yako. Wala sisemi nisingefanya. Mtoto akiwa kifuani mtu hajijui. Lakini siku moja mtu atasimama kwenye uwanja fulani, atasema kwenye redio ni pakavu, na utasikia kwenye sauti yake kwamba anataka sana wewe uamini. Utaijua sauti hiyo. Ni ya mama yako. Usimchukie, mwanangu, lakini mwulize mara ya pili. Mimi hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Sasa nakuja kwenye ninaloliomba. Bi Zuhura anahama. Dada yake wa Mombasa amemwita akazeekee kwake, na lori la mizigo linakuja wiki ya pili kutoka leo, siku ya Ijumaa. Beji yako ndiyo ya mwisho aliyoishona hapa, macho yake hayafai tena. Akishaondoka sitamwona. Nataka kwenda kumwambia, kibarazani pale, kabla ya vitu havijafungwa. Lakini siwezi kumwambia bila kukutaja. Habari hii ina watu wawili ndani, yule aliyekufa na wewe uliyepona. Nikimwambia, pengine hutakuwa tena mtoto wa dawa kwake. Pengine hatataka kusikia jina lako, wala la mdogo wako, na ile beji atataka uirudishe. Mapenzi hayo ni yako, sio yangu kuyatumia bila kukuuliza. Nilikwisha kuamua jambo moja juu ya uhai wako bila kuuliza mtu.

Kwa hiyo nakuuliza. Niende, au nisiende? Nawe utaivaa, au hutaivaa? Ukinikasirikia niandikie hasira, nitaisoma yote, hata kama itanichukua siku nzima na kidole kwenye mstari. Tata yako nitamwambia leo kwamba nimekuandikia. Nafikiri ataweka nyundo chini, na atanielewa.

Neno moja linatosha. Litie kwenye bahasha siku hiyo hiyo utakayosoma, usingoje Jumapili, usingoje upate karatasi nzuri. Andika hata nyuma ya hii. Posta ya Nyamira nitakwenda kila siku kuanzia Jumatatu ijayo, karani amekwisha kunizoea. Likifika nitalifuata, liwe lolote. Lisipofika mpaka Alhamisi ya kuamkia lori, nitakwenda kwake hivyo hivyo, maana kimya nimekaa nacho miaka kumi na mitatu na najua hakina jibu ndani yake. Lakini ningependa nisiende peke yangu. Andika upesi, Kemunto.

Ni mimi mama yako,
Moraa, moka Ratemo